Namna ya Kuhakiki Sauti au Ujumbe Unaoomba Fedha

Ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ulitambulika kwa urahisi kwa sababu haukumlenga mtu yeyote hasa, na mara nyingi Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Sasa programu za akili mnemba (AI) huandika Kiswahili safi, na nyingine huiga sauti: Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza mfumo wa VALL-E, uliohitaji sekunde 3 tu za sauti ya mtu ili kuiiga. Mwaka 2024, mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya mkutano wa video ambamo wakubwa zake walikuwa picha na sauti za kughushi. Barua pepe ya awali ilikuwa imemtia shaka. Nyuso alizozifahamu ndizo zilizomtoa shaka hiyo.

Kwa hiyo usiuhakiki ujumbe kwa kuutazama au kuusikiliza. Hakiki kwa kupitia njia nyingine. Kata simu, kisha umpigie mhusika kwa namba uliyoihifadhi siku nyingi. Usitosheke na jina linalotokea kwenye skrini, kwani namba inaweza kughushiwa, na kama ombi limekuja kwa WhatsApp, piga simu ya kawaida, kwa kuwa huenda akaunti yenyewe imetekwa. Asipopokea, mtafute aliye karibu naye. Anayekukataza kukata simu amekwisha kujieleza.

Katika familia, kubalianeni neno la siri, mkiwa ana kwa ana na si kwenye kundi la WhatsApp, na lisiwe jina la kijiji wala la mtoto ambalo liko Facebook. Shangazi akikuuliza ghafla nani alikuwa mshenga wa harusi fulani, usimwone msumbufu: anahakiki kwamba ni wewe.

Kwenye ofisi na vikundi vya kukopeshana hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mweka hazina amezoea kutii. Wekeni kanuni ya maandishi kwamba hakuna malipo yatakayofanywa kwa agizo la sauti peke yake, hata likitoka kwa mwenyekiti, na kwamba kila badiliko la namba ya kupokelea fedha litathibitishwa na watu wawili, mmoja wao akiwa amempigia mpokeaji. Mwenyekiti atakayekasirika kwa kupigiwa simu hiyo aelezwe kanuni kabla, si siku ya malipo.

Kisha linda akaunti zako: washa uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, yaani namba ya siri ya ziada, na usimtajie yeyote tarakimu 6 zinazotumwa kwenye simu yako.

Ni kweli kwamba benki nazo hutumia akili mnemba kunasa miamala isiyo ya kawaida. Lakini muamala ulioufanya mwenyewe, kwa simu yako na namba yako ya siri, hufanana na halali, hivyo usiiachie mashine kazi hii.

Fedha zikishatoka, anza na huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu ili muamala uzuiwe kabla fedha hazijatolewa kwa wakala, ndipo uende polisi. Nchini Tanzania, namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.