Jicho halifungi likawaka: jinsi ya kujaza kodi kwenye klemu ya Marekani

Naongelea kodi za magonjwa za ICD-10-CM, yani namba za ugonjwa unazoweka kwenye klemu (dai la malipo kwa bima), zile Marekani wanatumia toka tarehe 1 Oktoba 2015, sio kodi ya nyumba jamani.

Kabla hujagusa kompyuta soma noti ya daktari mpaka mwisho. Unatafuta jicho gani, limeharibikaje, na kope haifungi kwa nini. Kuna noti juu imeandikwa "jicho kavu" alafu mistari miwili chini unakuta "analala jicho nusu wazi, konea imechubuka upande wa chini" (konea ni kile kioo cha mbele ya jicho), sasa ukikimbilia H04.12 ya ukavu umeshakosea, ila na wewe huruhusiwi kujitungia ugonjwa, mrudishie daktari athibitishe kwamba konea na utando unaofunika weupe wa jicho vimewaka, yani vina uvimbe na wekundu, kwa kuachwa wazi, akishaandika hivyo ndo unaingia H16.21.

Hiyo H16.21 haipiti hivihivi, inataka namba ya sita: 1 kulia, 2 kushoto, 3 yote mawili. 9 ni ya "haikutajwa", mi naikwepa maana jicho gani kwa kawaida lipo kwenye noti, ni uvivu tu wa kusoma.

Alafu kope yenyewe kutofunga, H02.2. Namba ya tano ni sababu: 1 kovu, 2 kitu kinazuia, 3 kupooza. Ya sita ndo mtego, maana hesabu inabadilika, 1 ni kope ya juu kulia, 2 ya chini kulia, 4 ya juu kushoto, 5 ya chini kushoto, na kama kope zote mbili hazifungi ni A kulia, B kushoto, C macho yote. Mi nilishawahi kubeba ile 2 ya H16.212 nikaiweka huku nikijua ni kushoto, kumbe nimeandika kope ya chini ya kulia, klemu ikarudi fasta.

Kwa hiyo mgonjwa uso umepooza kwa Bell (neva ya uso inapooza ghafla), kushoto, kope zote mbili: H16.212, H02.23B, G51.0. Hiyo ya mwisho ndo ya Bell, haina upande, usiiongezee kitu.

Kwenye fomu ya klemu, CMS-1500, nenda boksi 21, weka 0 pale wanapouliza aina ya ICD, andika kodi bila nukta, yani H16212 kwenye A, H0223B kwenye B, G510 kwenye C. Boksi 24E unaandika herufi tu za boksi 21 kuonyesha huduma ilikuwa ya ugonjwa gani, mfano daktari alishona kope kwa muda, kodi ya huduma hiyo ni 67875, pembeni yake weka AB. Kama ni Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, una mwaka mmoja toka siku ya huduma kupeleka klemu.