Kuuliza Kuhusu Utamaduni katika Kikao cha Kwanza cha Ushauri Nasaha

Mshauri nasaha anayehudumu Nakuru, Kenya, hupokea wateja wa jamii nyingi, na ni rahisi mno kulisoma jina kwenye fomu kisha kudhani umekwisha kumjua mwenyewe.

Kabla ya kuuliza lolote kuhusu asili yake, mweleze usiri wa kikao na sababu ya swali lako. Katika mji ambao watu walifurushwa makwao kwa sababu ya kabila lao katika ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa mwaka wa 2008, "Nyumbani ni wapi?" ni swali linaloweza kumtia mtu hofu, hasa likiulizwa na mgeni aliyeshika kalamu. Ni heri useme: "Mama, ningependa kujua desturi na watu wanaohusika na jambo hili, ila una hiari ya kutojibu." Yeye naye, bila shaka, amekwisha kulisikia jina lako na kukupima.

Kisha mwache alieleze tatizo kwa maneno yake: analiitaje, anadhani lilianzaje, anahofia nini zaidi, na amemwendea nani mwingine kutafuta msaada. Maswali ya aina hii yalienezwa na Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani.

Tuseme mjane wa Kisumu ametaja chira, yaani maradhi au balaa linaloaminiwa kumpata aliyevunja mwiko. Usikimbilie kuuita ushirikina, wala usijifanye unaafiki. Muulize ni mwiko upi, nani aliyemwambia, na yeye mwenyewe anaamini kiasi gani, kwa sababu mjane mmoja huitaka tero, yaani desturi ya Wajaluo ya mjane kurithiwa na jamaa wa marehemu mumewe, kwa hiari yake, mwingine anashinikizwa na mashemeji, na mwingine ni muumini wa kanisa linaloikataza, akiogopa kutengwa na ukoo na kanisa pia. Akiwa analazimishwa, usijifiche nyuma ya kuheshimu mila: Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka wa 2015 inahesabu kurithiwa kwa lazima kuwa ukatili, nawe huna budi kumfahamisha.

Iwapo anajieleza vyema zaidi kwa Kijaluo au Kikalenjin usichokijua, tafuta mkalimani asiye jamaa wala jirani, wala usimtumie mtoto wake kamwe. Mkalimani aketi kando kidogo, nawe umtazame na kumsemesha mteja mwenyewe.

Katika faili, andika kwanza maneno aliyoyatumia mteja, na jina la kitaalamu la tatizo lifuate chini yake.