Kuomba kibali cha kuchora ramani ya makazi ya wanyamapori Tanzania: kuanzia andiko hadi ofisi ya kijiji

Tembo anayetoka Tarangire kwenda Ziwa Manyara kupitia ushoroba wa Kwakuchinja huanza safari kwenye ardhi ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), akapita ardhi ya vijiji na ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Burunge, akavuka lami ya Babati–Arusha, kisha akaingia tena TANAPA. Anayetaka kuchora ramani ya makazi yake atapita kwa wenye ardhi wote hao. Ombi linalomtaja mmoja tu ndilo linalokwama, kwa hiyo kazi inaanza kwenye mipaka kabla ya fomu yoyote.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwa nani

Fungua QGIS (programu ya bure ya kuchora ramani), chora eneo lako la utafiti, kisha liweke juu ya mipaka ya maeneo yote yaliyopo. Hifadhi za taifa ni za TANAPA, mapori ya akiba ni ya TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), Ngorongoro ina mamlaka yake (NCAA), na misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya TFS (wakala wa huduma za misitu). Kinachobaki mara nyingi ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia barua ngapi utahitaji. Mipaka inayopakuliwa mtandaoni huwa na makosa, hivyo ilinganishe na tangazo la serikali lililoanzisha hifadhi husika.

Hapa ndipo makosa ya kitaalamu yanapoanza kimyakimya. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa datum (msingi wa kupimia koordinati) ya Arc 1960, ilhali GPS ya mkononi hutoa koordinati za datum nyingine, WGS84. Ukizichanganya bila kubadilisha, kila alama husogea takriban mita 300 kaskazini au kusini, na kisima cha kijiji kinaweza kuangukia ndani ya hifadhi. Tatizo la pili ni kanda za UTM, mfumo unaogawa dunia katika kanda na kupima koordinati kwa mita. Nyuzi 36 mashariki ndiyo inayotenganisha kanda ya 36 Kusini na ya 37 Kusini, na inapita eneo hilihili la Tarangire. Sehemu iliyo kwenye mstari huo ina koordinati ya mashariki ya karibu 833,000 katika kanda ya 36, na karibu 167,000 katika kanda ya 37. Chagua kanda moja kwa mradi mzima (kwenye QGIS namba zake ni EPSG 32736 au 32737), iandike kwenye andiko, na uwawekee wasaidizi wako wote GPS kwa mpangilio huohuo.

Hatua ya 2: Andiko la utafiti

Sentensi ya kwanza iseme nani ataitumia ramani na kwa uamuzi gani: kupitia upya mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, au kuamua kivuko cha wanyama kiwekwe wapi barabarani. "Kuelewa mtawanyiko wa wanyama" haimsaidii mpitiaji kujua kama kazi yako inahitajika.

Taja spishi, majira na idadi ya alama, yaani sehemu ambapo mnyama au dalili yake imeonekana. Majira yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kiangazi wanyama wa Tarangire hukusanyika karibu na mto, masika hutawanyika nje ya hifadhi. Data ya Agosti peke yake itatoa ramani safi ya mto, na ushoroba hautaonekana kabisa. Panga kwenda uwandani angalau mara mbili, na uonyeshe tarehe.

Eleza pia alama za wanyama zimetoka wapi. Kumbukumbu za doria ni hazina, ila askari hupita kwenye barabara, na modeli ya kutabiri makazi kama Maxent ikilishwa alama hizo zilivyo itachora makazi ya magari. Bakiza alama moja kwa kila mraba wa gridi, na alama za mandharinyuma (sehemu ambazo modeli hulinganisha na zile zenye wanyama) zichukue kwenye njia zilezile za doria. Modeli ijaribu kwa vipande vya eneo ambavyo haikufunzwa navyo. Ukiteua alama za majaribio kiholela, zitakuwa jirani na za mafunzo na alama ya ufaulu itakudanganya.

Kwenye tabaka za mazingira (ramani za uoto, maji na hali ya hewa zinazolishwa modeli), picha za setilaiti za Sentinel-2 zina pikseli ya mita 10 na za Landsat mita 30, lakini data ya hali ya hewa ya WorldClim ni takriban kilomita 1. Kwenye ushoroba mwembamba, pikseli za hali ya hewa ni chache mno kusema lolote. Weka umbali kutoka majini, mteremko, uoto, na umbali kutoka barabara na maboma.

Kama kuna faru au spishi nyingine inayowindwa na majangili, andika wazi kwamba koordinati halisi hazitachapishwa. Droni na kamera za kutegea zitajwe hapahapa. Droni inahitaji pia kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, na kinachukua muda wake.

Hatua ya 3: Kutuma

Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori yenye makao Arusha, na kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Andaa andiko, wasifu wa kila mtafiti, picha ya pasipoti, barua ya taasisi yako na ramani ya eneo ya ukurasa mmoja. Mgeni anahitaji mtafiti mwenza Mtanzania, na baada ya kibali atafute kibali cha ukaazi. Mtanzania naye anaomba. Uraia haumwondolei hatua hii. Zanzibar ina utaratibu wake, usiunganishe maombi.

Majina ya maeneo kwenye fomu yafanane neno kwa neno na ya kwenye andiko. Wilaya isiyotajwa kwenye kibali haitakupokea, hata kama iko kilomita 5 tu kutoka iliyotajwa.

Hatua ya 4: Kushuka na barua

Kibali mkononi si ruhusa ya kuingia shambani kwa mtu. Kipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, utapewa barua ya kwenda wilayani, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, kata, na mwisho kwa mtendaji wa kijiji. Beba nakala kumi. Upande wa hifadhi, ripoti kwa mhifadhi mkuu kabla ya kufunga kamera ya kwanza.

Kijijini usiharakishe. Ramani ya wanyamapori husikika kama ramani ya kuhamisha watu, na swali la kwanza kutoka kwa mzee wa kijiji litakuwa hilo. Jibu kwa kuomba mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, kama upo, na kuuonyesha kwenye karatasi yako: hapa malisho, hapa mashamba, hapa tunapotafuta nyayo na kinyesi cha tembo. Omba kijana anayezijua njia awe msaidizi, na malipo yake ya siku yawemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kazi ikiisha, ripoti iende COSTECH na TAWIRI. Ofisi ya kijiji ipelekee ramani iliyochapwa kwa A3, majina ya vilima na visima yakiandikwa kama wenyeji wanavyoyaita.