Projekti ya kisiwa kidogo: vile utamsaidia mtoto kuandika kuhusu Niue

Wazazi wenzangu wa Nairobi, mnazijua zile projekti zinafika nyumbani Ijumaa jioni na zinatakikana Jumatatu asubuhi, ati jiografia, historia na uchumi wa kisiwa kimoja cha Polynesia. Badala ya kukimbia saiba kuprinti makaratasi ambayo mtoto mwenyewe hatayasoma, chagueni Niue. Ni kidogo, na mambo yake yanashikana.

Anzeni na ramani. Atlasi nyingi za shule zinaweka Afrika katikati, Pasifiki inakatwa vipande viwili, kwa hivyo Niue iko mwisho wa kushoto (nyuzi 19 kusini, karibu 170 magharibi) na New Zealand iko mwisho wa kulia, mtoto atadhani ni mbali ajabu na kumbe ni kama kilomita 2,400 tu. Toeni fotokopi, mkate, muunganishe hizo ncha mbili kwenye manila pepa. Halafu masaa: Niue iko nyuma yetu kwa saa 14, yaani Nairobi ikiwa Jumanne saa nne asubuhi, kule ni Jumatatu saa mbili usiku. Watoto wanapenda hiyo.

Sasa jiwe, na hapa ndio mkae sana. Niue ni matumbawe yaliyoinuliwa kutoka baharini, kama kilomita mraba 260, hata nusu ya kaunti ya Nairobi haifiki. Aliyewahi kugusa kuta za Fort Jesus ameshalijua jiwe la matumbawe. Lina vitundu, mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja chini, kwa hivyo hakuna mto hata mmoja, watu wanapampu maji kutoka ardhini au wanakinga ya mvua. Na kwa sababu hakuna mto wa kumwaga matope, bahari yake ni safi kupita kiasi. Ukingoni ni majabali, bandari ya asili hakuna, pale Alofi, mji mkuu, boti ndogo zinainuliwa na kreni kutoka majini. Mwambieni mtoto achore hiyo kreni, itaeleza kuliko aya mbili.

Historia msiibebe yote. James Cook alifika 1774, wenyeji wakamfukuza, akaondoka akakibandika jina la matusi, Savage Island (mgeni anakataliwa mlangoni halafu anatukana mwenye nyumba!). Ukristo uliingia 1846 na Peniamina, mtu wa hapo hapo aliyekuwa amekaa Samoa. Mwaka 1900 Uingereza ikaiweka chini ya ulinzi wake, 1901 ikapewa New Zealand, na 1974 Niue ikaanza kujitawala ikiendelea kushirikiana na New Zealand, na watu wake ni raia wa New Zealand.

Huo uraia ndio daraja la kuingia uchumi, msiuruke. 1966 watu walikuwa zaidi ya 5,000. Uwanja wa ndege ukafunguliwa mapema miaka ya 1970, wengi wakapanda ndege wakatafute kazi, leo waliobaki ni kama 1,600 hivi na huko New Zealand Waniue ni zaidi ya 30,000. Januari 2004 kimbunga Heta kikapiga, mawimbi yakapanda juu ya majabali, hospitali ikaharibiwa.

Pesa basi inatoka wapi? Misaada ya New Zealand kwanza, iandikeni bila aibu. Halafu watalii wanaokuja kupiga mbizi na kuona nyangumi, magimbi, vanila, asali, stempu na sarafu za kuuzia wakusanyaji. Pia majina ya intaneti yanayoishia .nu, yanapendwa sana Uswidi, lakini pesa zake zimekuwa zikienda nje na serikali ya Niue imezipigania miaka mingi. Mpya zaidi ni ya 2023: unafadhili kilomita mraba moja ya bahari yao itunzwe miaka 20, kwa dola 250. Hizo ni dola za New Zealand, ndio sarafu wanatumia, kwa hivyo mtoto akibadilisha kuwa shilingi asitumie reti ya dola ya Marekani, hesabu itakuwa juu sana.