Kunasa protini ya CRP kwa transista ya polima

Transista ninayotumia ni OECT, yaani transista ya kielektrokemia ya polima. Polima yenyewe ni PEDOT:PSS, wino wa bluu iliyokolea unaopitisha umeme. Njia ya polima inaunganisha chanzo na kitoleo, na lango la dhahabu linagusa tone lile lile la maji ya chumvi lililo juu ya njia hiyo. Ukiweka volti chanya kwenye lango, ioni za chumvi huingia ndani ya polima na mkondo hushuka. Protini ikinasa kwenye lango, nguvu ya lango hubadilika, na mkondo nao hubadilika. Mabadiliko hayo ndiyo tunayoyapima.

Anza na CRP, protini ambayo ini huitoa kwa wingi mwili ukishambuliwa. Kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa chini ya miligramu 10 kwa lita ya damu, na maambukizi makali ya bakteria huweza kuivusha 100. Masafa hayo mapana yanamfaa anayejifunza.

Hatua ya 1: utando. Changanya PEDOT:PSS na ethilini glaikoli asilimia 5, kisha GOPS asilimia 1, ambayo huwekwa mwisho kabisa. Chuja, tandaza kwenye kioo kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kisha choma kwa nyuzi 140 za Selsiasi kwa saa moja. GOPS ndiyo inayoushika utando kwenye kioo. Niliwahi kuiruka kwa haraka zangu: nilipodondosha bafa (maji ya chumvi ya kupimia) tu, utando ulibanduka mzima ukaelea, kama ule wa maziwa yaliyochemka. Ukishachoma, loweka usiku kucha kwenye maji safi.

Hatua ya 2: lango. Safisha dhahabu, iloweke usiku kucha kwenye ethanoli yenye asidi ya merkaptoundekanoiki, kisha suuza. Washa ncha za asidi kwa EDC na NHS, kemikali zinazoziandaa zishikane na protini, kwa dakika 30, weka kingamwili za CRP kwa saa moja, halafu ziba nafasi zilizobaki kwa ethanolamini na albumini ya ng'ombe (BSA). Chupa ya EDC ikitoka kwenye friza, iache ifike joto la chumba ndipo uifungue. Ukiifungua ikiwa baridi inavuta unyevu, na EDC iliyolowa haiunganishi kitu. Myeyuko wake nao utengeneze papo hapo, usiuweke kiporo.

Hatua ya 3: kunasa na kupima. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na kosa si la transista. Chumvi huficha chaji ya protini. Katika PBS (bafa ya chumvi na fosfeti) ya kawaida, lango halihisi chaji iliyo mbali zaidi ya nanomita 1, na kingamwili peke yake ina urefu wa nanomita 10 hivi. Protini imenasa kweli, lakini iko nje ya upeo wa lango. Ukiizimua PBS mara 100, upeo unafika nanomita 7 hivi.

Kwa hiyo tenganisha kazi mbili. Nasa kwenye PBS kamili yenye Tween (sabuni laini) kidogo, maana protini na kingamwili hushikana vizuri humo. Suuza, kisha pima kwenye PBS iliyozimuliwa. Njia nyingine ni kutumia nanobodi, vipande vya kingamwili za ngamia vyenye uzito wa takriban moja ya kumi ya kingamwili kamili. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha KAUST, Saudia, walizitumia kwenye OECT kutambua protini ya virusi vya korona katika mate.

Kitoleo kipe volti −0.4. Lango lipandishe kutoka 0 hadi 0.6, usivuke 0.8, maana dhahabu na maji huanza kuharibika. Rudia kabla ya kuweka sampuli hadi mistari ya mkondo kwenye grafu ilaliane kabisa. Mistari ikiwa bado inateleza, subiri, usianze.

Panda kutoka sampuli hafifu kwenda kali, na kila mara gawanya badiliko la mkondo kwa mkondo wa mwanzo.

Tengeneza pia lango la pili lenye kingamwili isiyohusiana na CRP, ulipitishe kwenye sampuli zile zile. Malango yote mawili yakisogea sawa, ulichopima ni uchafu ulionata: rudi hatua ya 2, ongeza muda wa BSA, suuza zaidi, upime upya.