Jinsi ya kuomba shahada ya muziki wa kibiashara na uzalishaji Uingereza

Kozi za muziki wa kibiashara haziangalii alama za mtihani peke yake. Anayepitia ombi lako anataka kusikia kazi zako, kisha ajue ndani ya kazi hizo ni kipi hasa ulichofanya kwa mkono wako. Ndiyo maana tunashauri usianzie kwenye fomu. Anza na nyimbo, miezi miwili au mitatu kabla. Fomu yenyewe, ukiwa na vyeti mkononi, ni kazi ya siku mbili.

Kuchagua kozi

Majina ya kozi yanapotosha, basi soma orodha ya masomo ya kila mwaka. BA ya muziki wa kibiashara kwa kawaida huchanganya utunzi, studio, hakimiliki na uendeshaji wa biashara ya muziki. BSc ya teknolojia ya sauti huegemea fizikia, umeme na programu za kompyuta, na nyingine hudai hisabati. Mtu anayetaka kuwa prodyuza akijikuta kwenye BSc ya akustika, yaani sayansi ya sauti, atateseka bure.

Kwa Uingereza yenyewe shahada kamili huchukua miaka 3, ila Uskoti ni miaka 4. Ikiwa cheti chako cha sekondari hakitambuliwi kuwa sawa na kile cha kuingilia chuo, tafuta kozi hiyo hiyo yenye mwaka wa matayarisho. Waandikie watu wa udahili uwaulize kabla ya kulipa chochote; swali hilo hujibiwa bure.

Fomu ya kawaida ya UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, inaruhusu kozi 5, na hakuna chuo kinachoona vingine ulivyochagua. Tahadhari moja: vyuo vingi maalumu vya muziki hupokea maombi kupitia mfumo wa pembeni, UCAS Conservatoires, ambao tarehe yake ya mwisho huangukia mwanzoni mwa Oktoba. Wengi huja kugundua hilo Desemba, wakiwa wamechelewa.

Kuandaa kazi za mfano

Hapa ndipo ombi linaposimama au kuanguka. Kila chuo hutoa maelekezo yake, na yafuate neno kwa neno. Kikitaka nyimbo 3, usitume 7. Pasipo na maelekezo ya kina, nyimbo 2 hadi 4 zenye ladha tofauti zinatosha. Weka iliyo bora kwanza, na utangulizi wake usiwe wa dakika nzima, kwa sababu msikilizaji ana rundo la maombi mengine.

Hifadhi masta yako, yaani toleo la mwisho la wimbo, kama WAV ya biti 24, kHz 44.1, kisha utoe nakala ya MP3 ya kbps 320. Wimbo wa dakika 3 kwa WAV ya aina hiyo huwa na takriban megabaiti 48. Kwa MP3 ni kama 7. Ukiwa unatumia bando la simu, au ukurasa wa chuo umeweka kikomo cha ukubwa wa faili, tofauti hiyo ni kubwa. Acha kilele cha sauti kiishie desibeli 1 chini ya sifuri. Kosa tunaloliona zaidi ni kuibana masta kwa limita (kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango) mpaka ngoma zinakuwa bapa, eti wimbo usikike mkubwa. Mwalimu wa studio hulisikia hilo kwenye mpigo wa kwanza.

Kila wimbo uambatane na maelezo mafupi ya nani alifanya nini. Mfano:

*Wimbo wa 2, dakika 3:12. Mdundo (biti), kinanda na miksi: mimi. Sauti nimerekodi mwenyewe kwa maikrofoni moja, chumbani, nikitundika blanketi nyuma ya mwimbaji. Mwimbaji: rafiki yangu. Gitaa: lupu (kipande kinachojirudia) iliyonunuliwa, nimeikata na kuibadilisha ufunguo. Masta: mtu mwingine.*

Maelezo hayo hayakuaibishi, yanakujenga. Kukiri kwamba masta si yako hakukupunguzii kitu, lakini ukiulizwa kwenye mahojiano ulivyoifanya ukakosa jibu, umejiangusha. Ukitumia sampo, yaani kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa mtu, au chombo cha akili bandia, liandike pia.

Usitume linki zinazokufa. Huduma nyingi za bure za kutuma faili hufuta linki baada ya siku chache. Tumia SoundCloud kwa linki ya faragha, au Google Drive iliyoruhusiwa kwa yeyote mwenye linki, kisha uifungue kwenye simu ya mtu mwingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Hata jina la faili lina kazi yake: jina lako, namba ya wimbo, jina la wimbo. “Final mix 3 new” haimsaidii mtu.

Maelezo binafsi

Tangu udahili wa 2026, UCAS imegawa maelezo binafsi katika maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kinachokusaidia. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kila jibu lisipungue herufi 350. Huandiki kwa ajili ya chuo kimoja, kwani vyote vitano vinasoma maneno hayo hayo. Usitaje chuo kwa jina.

“Muziki umo damuni mwangu tangu utotoni” haionyeshi chochote. Linganisha na hii: “Kiki na gitaa la besi vilikuwa vikigombana karibu na Hz 60. Nilipunguza besi hapo kwa desibeli 3, nikaweka saidicheini fupi, na ndipo nikaelewa kwamba tatizo lilikuwa la mpangilio, wala si la miksi.” (Kiki ni ngoma ya chini; saidicheini huishusha besi kila kiki inapopiga.) Mfano wa pili unaonyesha mtu anayesikia, anayejaribu na anayejifunza. Upande wa biashara uzungumzie vivyo hivyo: mligawanaje mirabaha, nani aliusajili wimbo, mlipangaje tarehe ya kuutoa. Na uandike mwenyewe, maana UCAS hulinganisha maandishi ya waombaji ili kubaini yaliyonakiliwa.

Kujaza na kutuma

Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Ingiza masomo yote uliyofanyia mtihani, hata yale uliyofanya vibaya. Barua ya mwalimu hutumwa na mwalimu mwenyewe ndani ya mfumo, kwa hiyo mwombe wiki nne kabla na umpe nyimbo zako asikilize. Ada ya udahili wa 2026 ilikuwa pauni 28.95, na siku ya mwisho 14 Januari 2026 saa 12 jioni kwa saa za Uingereza, ambayo ni saa 3 usiku Afrika Mashariki. Kila mwaka tarehe huwa katikati ya Januari au karibu na hapo.

Baada ya kutuma, chuo hukuandikia kikiomba kazi zako au kukuita kwenye mahojiano, na siku za kujibu ni chache. Barua pepe hizo hupenda kuangukia kwenye folda ya takataka (spam). Angalia humo kila siku.

Ukishapata nafasi

Ukikubali na kutimiza masharti, chuo kitakupa CAS, namba ya kuombea viza ya mwanafunzi. Kinachowaangusha wengi ni fedha. Kiasi kinachotakiwa kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Kikishuka hata siku moja, unaanza kuhesabu upya. Tangu 11 Novemba 2025, mbali na salio la karo ya mwaka wa kwanza, unaonyesha pauni 1,529 kwa mwezi ukisoma London au 1,171 nje yake, hadi miezi 9. Ada ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, na wakaazi wa Kenya, Tanzania na Uganda hupima kifua kikuu kwanza.

Jambo la mwisho linawahusu wanamuziki hasa. Viza hii hairuhusu kujiajiri wala kufanya kazi ya mburudishaji. Kuuza biti kama biashara yako, kupiga shoo ya malipo au kuwa DJ wa harusi wikiendi kunaweza kukugharimu viza. Mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya kozi yana kanuni zake. Kabla ya kupokea malipo yoyote, pata jibu kwa maandishi kutoka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.