Kuwasha Mishumaa ya Sabato Hadi Ikuguse Mwenyewe

Wengi wanaotaka mapokeo ya Kiyahudi yawaguse moyoni hutafuta maana kwanza, ndipo wafikirie kutenda. Mimi huwaomba waanze na tendo, kama Waisraeli walivyojibu mlimani Sinai katika Kutoka 24:7, wakitanguliza kutenda kabla ya kusikia.

Hatua ya 1. Ulizia saa ya machweo ya Ijumaa mahali ulipo, kisha urudi nyuma dakika 18 (Jerusalem desturi ni dakika 40). Jua likizama saa 12:30 jioni, washa saa 12:12, meza ikiwa imekwisha kutandikwa na simu imezimwa.

Hatua ya 2. Simamisha mishumaa miwili, mmoja kwa ajili ya neno “kumbuka” na mwingine kwa ajili ya neno “shika”, yaliyomo katika amri ya Sabato. Familia nyingine huongeza mmoja kwa kila mtoto. Mama yangu aliendelea kuuwasha wa kaka yangu miaka mingi baada ya kaka kuhama nyumbani. Kwa kawaida huwasha mama wa nyumba, lakini mwanamume anayeishi peke yake naye huwasha.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Mkate tunaubariki ndipo tukaumega, lakini mishumaa tunaiwasha kwanza, kwa sababu ukishatamka baraka umekwisha kuipokea Sabato, na ndani ya Sabato hatuwashi moto. Weka kijiti cha kiberiti kwenye kisahani kizimike chenyewe, zungusha mikono mara tatu juu ya miali ukiivuta kuelekea kwako, funika macho, kisha useme: “Umebarikiwa Wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako na kutuamuru kuwasha taa ya Sabato.”

Usifumbue macho bado. Viganja vinanukia kiberiti na joto la miali linakufikia kidevuni. Humo ndimo mama na bibi zetu walimoombea watu wao kwa lugha ya nyumbani. Usiseme “familia yangu” kwa jumla, bali mtaje kila mmoja kwa jina, hata yule mliyekosana naye wiki hiyo. Kisha ondoa mikono uutazame mwanga.

Hatua ya 4. Iache mishumaa iishe yenyewe.

Ijumaa ya kwanza huenda usihisi chochote, nawe usijilaumu. Fanya hivyo Ijumaa nne mfululizo, na kila Jumapili uandike majina yaliyokujia ukiwa umefunika macho, kwa kuwa siku ya Sabato hatuandiki.